VAT Kenya: ankara isiyo na PIN yako ni hasara, na marekebisho hufanywa kabla ya tarehe 20

Chukua ununuzi wa Sh69,600: bidhaa za Sh60,000 na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16, yaani Sh9,600. Muuzaji akitoa ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya ushuru KRA, bila PIN (namba ya mlipa kodi) ya kampuni yako, KRA haioni kwamba mnunuzi ni wewe, na hizo Sh9,600 hutaweza kuzidai, yaani kuzipunguza kwenye VAT unayoilipa. Kisha kuna kodi ya mapato. Tangu Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi kupunguza faida inayotozwa kodi, isipokuwa chache kama mishahara na bidhaa zilizoagizwa kutoka nje. KRA ikipekua ankara zilizotumwa kwa PIN yako, hiyo haimo. Kwa asilimia 30 ya zile Sh60,000, kampuni inalipa Sh18,000 nyingine. Ununuzi mmoja, hasara ya Sh27,600.

Kwa hiyo kazi ya VAT huanzia kaunta, si kwa mhasibu. Anayetumwa kununua awe na PIN mkononi na aitaje kabla ankara haijatolewa. PIN ya kampuni huanza na P, ya mtu binafsi huanza na A, katikati ni tarakimu tisa na mwisho ni herufi. Kosa tunaloliona kila mara ni mkurugenzi kutoa PIN yake mwenyewe badala ya ile ya kampuni. Ankara ni halali kabisa, ila ni ya mtu mwingine kisheria.

Piga msimbo wa QR kwa simu kabla ya kuondoka. Ukurasa wa KRA ukifunguka, angalia PIN ya mnunuzi, kiasi cha VAT na tarehe. Usipoiona ankara, huenda mtambo wa muuzaji haukuwa na intaneti na bado haujaituma. Jaribu tena kesho yake, usingoje tarehe 19, kwani ritani ya VAT ya mwezi uliopita mwisho wake ni tarehe 20. Ujumbe wa M-Pesa, hati ya kupokelea mzigo na proforma (karatasi ya bei kabla ya mauzo) si ankara, hata zikipigwa mhuri mara tatu.

Ankara ikishaingia eTIMS haifutwi. Muuzaji hutoa kredit noti, hati ya kubatilisha mauzo, inayotaja nambari ya ankara ya kwanza, kisha anatoa ankara mpya yenye PIN sahihi. Asipotoa kredit noti, mauzo yake yanahesabiwa mara mbili, ndiyo maana wengi huanza kuzungusha mteja akirudi wakati ritani ya mwezi imeshawasilishwa. Mdai marekebisho ndani ya mwezi huo huo, hapo bado ni kazi ya dakika chache kwake. Muuzaji mdogo asiye na mashine bado anaweza kutoa ankara: eTIMS ipo hata kwa *222#. Mauzo chini ya Sh milioni 5 kwa mwaka humwondolea mtu lazima ya kusajiliwa VAT, na tangu mwisho wa Desemba 2024 mnunuzi anaweza kumtolea muuzaji kama huyo ankara ya eTIMS.

Ritani kwenye iTax, tovuti ya KRA ya kuwasilishia kodi, siku hizi huja ikiwa imejazwa tayari kutokana na data ya eTIMS. Usiikubali ilivyo. Ilinganishe na vitabu vyako na utenge mafungu matatu: ankara zinazolingana, zilizo kwako lakini KRA hawana, na zilizo KRA lakini kwako hazipo. Fungu la pili ni la kumfuatilia muuzaji. La tatu watu hulipuuza, na ndilo la kuogopa: ama mfanyakazi alinunua kitu hakuleta risiti, ama kuna anayetumia PIN yako.

Ankara isiyolingana usiilazimishe. Sheria inakupa miezi sita baada ya mwezi wa ununuzi kudai VAT hiyo, na muuzaji lazima awe ameitangaza kwenye ritani yake. Iweke kando, uidai mwezi atakaporekebisha. Ukiiingiza kwa nguvu, mfumo unaolinganisha ritani zenu wawili utaonyesha tofauti na utaletewa makadirio, yaani kodi ambayo KRA imekukadiria. VAT ya gari dogo la abiria, ya chakula na ya malazi hotelini iache kabisa, ila kama biashara yako ndiyo hiyo.

Ukiuza kwa wizara, kaunti au kampuni iliyoteuliwa na KRA kuwa wakala wa kukata VAT, watakata asilimia 2 ya bei kabla ya VAT. Ikikatwa VAT hiyo peke yake, ankara ya Sh116,000 itakuletea Sh114,000 benki. Tangaza mauzo ya Sh100,000 na VAT ya Sh16,000, si kile kilichoingia benki. Zile Sh2,000 hupunguza deni lako pale wakala anapoziwasilisha KRA, na ana siku tano za kazi. Dai cheti. Kwa mfano wetu, ukitoa Sh9,600 za ununuzi na hizo Sh2,000, unabaki kulipa Sh4,400.

Kama pesa hazipo, wasilisha ritani hata hivyo. Kuchelewesha ritani ni Sh10,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa, hata mwezi ambao hukuuza kitu. Kuchelewesha malipo ni asilimia 5, pamoja na riba ya asilimia 1 kila mwezi.

Makadirio yakija, una siku 30 za kuweka pingamizi kwenye iTax. Taja kila ankara unayoitetea na kwa nini, na ulipe sehemu usiyoipinga au mkubaliane jinsi ya kuilipa, la sivyo pingamizi halihesabiki. Kamishna asipoamua ndani ya siku 60, pingamizi huchukuliwa kuwa limekubaliwa. Akiamua dhidi yako, una siku 30 kwenda kwenye Baraza la Rufaa za Ushuru (Tax Appeals Tribunal). Ankara peke yake haitoshi, kwa sababu KRA imewahi kukumbana na kampuni hewa zinazouza karatasi tu. Ambatisha uthibitisho wa malipo benki, hati ya kupokea mzigo iliyotiwa saini, na ukurasa wa stoo unaoonyesha bidhaa ziliingia.