Niliacha kuomba dua miezi 11 kwa sababu ya swali hilihili

Ndugu mleta mada, umeuliza hivi: mama yako figo zimechoka, ukoo mzima unakesha kwenye dua, na wewe moyoni unajiuliza, kama siku ya mtu kuondoka imeshaandikwa, dua inabadilisha nini? Na kama haibadilishi, watu wanajichosha kwa nini? Wachangiaji wawili hapo juu wamekwambia unakufuru. Wapuuze. Swali lako maswahaba waliliuliza mbele ya Mtume mwenyewe, tena makaburini. Walikuwa Baqii kwenye mazishi, Mtume ameinamisha kichwa anachokoachokoa ardhi kwa kijiti, akawaambia kila mtu mahali pake pameshaandikwa. Wakamuuliza, basi si tutegemee hicho kilichoandikwa tuache kutenda? Hakumkaripia mtu. Akawajibu: tendeni, kila mmoja hurahisishiwa lile aliloumbiwa.

Mimi si shehe. Ni fundi wa mashine za boti hapa Tanga, ufukwe wa Deep Sea, na elimu yangu ni ya madrasa na darsa za jioni. Nakujibu kwa yaliyonipata.

Mtoto wetu wa pili alizaliwa mimba ikiwa na miezi saba. Kilo moja na gramu mia, kichwa kinaenea kiganjani. Mama yake alimfunga kifuani kwa kanga, ngozi kwa ngozi, ule mtindo wanaouita kangaruu, na maziwa yakapita kwenye mpira wa puani, kidogokidogo kwa bomba la sindano. Nikipewa zamu ya kukaa naye kazi yangu ilikuwa moja, kuangalia pumzi. Kama hujawahi kulea njiti hujui hili: wanasahau kupumua. Kifua kinatulia tu. Muuguzi alinifundisha, ukiona kimya, mguse unyayo kwa kidole, msugue kidogo. Unamgusa, anashtuka, anavuta pumzi. Usiku mmoja nilimgusa mara nyingi hadi nikaacha kuhesabu.

Na niliomba. Theluthi ya mwisho ya usiku, nje ya wodi, kwenye benchi la saruji, koti langu ndilo mswala. Sijawahi kuomba vile kabla wala baada. Siku ya tisa nilimgusa unyayo, hakushtuka.

Kwenye matanga mtu mmoja, tena mtu wa heri kabisa, akaniambia labda dua yangu ilikosa yakini. Naomba niseme hapa kwa faida ya kila anayesoma: usimwambie mfiwa maneno hayo hata siku moja. Kama una kiu ya kusema kitu, mshike mkono, nyamaza, kunywa kahawa yako.

Wiki chache baadaye, kwenye darsa baada ya Magharibi, maalimu akapita kwenye hadithi ya Ibn Masud, ile kila aliyekaa chuoni anaijua. Mimba ikitimiza siku 120 malaika hutumwa, hupuliza roho, huandika mambo manne: riziki, umri, amali, na kama ni mtu wa heri au wa shari. Nimeisikia tangu sijaota meno ya ukubwani, haikuwahi kunichoma. Siku ile nikapiga hesabu. Siku 120 ni miezi minne. Mtoto kazaliwa wa miezi saba. Kwa hiyo zile siku tisa ziliandikwa miezi mitatu kabla sijatandika koti langu kwenye lile benchi. Mimi nilikuwa naombea barua iliyokwisha kufungwa na kupigwa muhuri.

Nikaacha. Nieleweke, sikuacha kusali. Lugha yetu hapa inatusaidia, kusali ni kusali na kuomba ni kuomba. Swala tano sikuzigusa, lile ni deni, nalipa. Lakini nikishatoa salamu, nainuka nachukua ndara zangu. Mikono siinui.

Kwetu sisi Mashafi, tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafii, hata hivyo, kuna mahali huwezi kujificha. Alfajiri, rakaa ya pili, ukiinuka kutoka rukuu kuna kunuti. Imamu anaomba kwa sauti, maamuma mnainua mikono mnaitikia amina. Safu nzima mikono juu, mimi yangu iko chini. Kushoto kwangu husimama nahodha mmoja mzee, mashine ya boti lake naitengeneza mimi. Aliona tangu wiki ya kwanza. Hakusema kitu.

Alisema siku aliyoniletea mashine kuifungua. Kaskazi ilikuwa imeanza kuvuma na yeye anataka kutoka usiku. Plagi moja nikaikuta nyeusi kwa masizi, nikaisugua kwa msasa, nikairudisha. Nikamwambia, "Nahodha, hii itakufikisha, lakini usitoke bila plagi ya akiba."

Akaniangalia. "Ya nini, fundi? Kama imeandikwa mashine inizimikie katikati ya maji, plagi yako itafuta?"

"Ah, nahodha, hayo mambo mengine."

"Mengine vipi? Naona plagi unaiamini. Mikono yako mwenyewe ndiyo huiamini."

Akanunua plagi mbili, akaondoka. Nilikasirika siku mbili nzima, maana nilijua kanishika pabaya. Siku ya tatu nanawa mikono grisi, ukanijia ule unyayo. Usiku wote ule wa wodini, kila kifua kilipotulia, sikuwahi hata mara moja kusema ngoja, kama kaandikiwa kupumua atapumua, kidole changu cha nini? Nilisugua tu. Hoja yangu kubwa ya kadari, kwamba yote yameshaandikwa, ilikuwa haifanyi kazi kwenye kidole, haifanyi kazi kwenye plagi, haifanyi kazi kwenye nauli wala kwenye chakula. Ilifanya kazi mahali pamoja tu, kwenye mikono iliyoinuliwa.

Hapo ndipo nilipojua kwamba sikuwa na falsafa yoyote. Nilikuwa nimesusa. Kama mtoto aliyenyimwa kitu akakataa na chakula. Halafu nikatafuta hadithi ya kuegemeza kususa kwangu.

Sisemi na wewe umesusa, mama yako yu hai na huenda unauliza kwa akili iliyotulia. Ila jichunguze, maana swali hili likiulizwa kwenye baraza la kahawa ni jambo moja, na likiulizwa kwenye korido ya hospitali ni jambo lingine.

Baadaye nilianza kusoma, na nikagundua wanazuoni wakubwa wa Kiislamu walishapita hapa. Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anasema dua na kadari ni kama ngao na mshale, au maji na mbegu. Aliyekadiria mshale ndiye aliyekadiria ngao, na hakuna anayeacha kumwagilia mbegu kwa kusema kama imeandikiwa kuota itaota. Ibnul Qayyim, aliyefariki 1350, ni mkali zaidi: kama hoja yako ni ya kweli, usile, kwani shibe ikiandikwa utashiba, na usioe kwa kutaka mtoto, kwani mtoto akiandikwa atakuja. Wote wawili wanapiga palepale. Sisi tunafikiri Mungu aliandika matokeo akaacha njia tupu. Kwamba aliandika "shamba hili magunia kumi" bila mvua, bila jembe, bila mgongo wa mtu. Sasa kama njia nazo zimeandikwa, na dua ni mojawapo, basi kuuliza "ikiandikwa, niombe ya nini" ni sawa na kuuliza "nikiandikiwa kufika Pangani, nipande gari la nini".

Utasikia pia kwenye mihadhara mgawanyo wa kadari mbili, iliyokatwa na iliyotundikwa. Iliyotundikwa ndiyo dua huigusa, nayo iko kwenye karatasi za malaika, ilhali elimu ya Mungu haiguswi. Wanaitegemeza aya ya Suratu Raad kwamba Mungu hufuta na huthibitisha ayatakayo. Mgawanyo huu una wenyewe na nauheshimu, lakini kwa swali lako hausaidii sana. Unalihamisha ghorofa ya juu tu, kwa sababu huko juu nako utauliza, si alishajua atafuta kipi? Mimi jibu la njia linanitosha zaidi.

Mwenzangu wa karakana ni Mlutheri, na akasema kwao nako wamelibeba swali hili miaka mingi. Akanisomea habari za mfalme Hezekia. Nabii Isaya anamwendea mfalme mgonjwa, anamwambia atengeneze mambo ya nyumba yake, atakufa. Mfalme anageukia ukutani, analia, anaomba. Isaya hajatoka hata uani, anarudishwa akamwambie ameongezewa miaka 15. Mwenzangu anaipenda hiyo miaka. Mimi nikashikwa na mstari unaofuata: baada ya ahadi yote ile kutoka mbinguni, Isaya anaagiza waletwe tini, zikandwe, zibandikwe juu ya jipu, na mfalme akapona. Ahadi imeshatoka, tini za nini tena? Nilicheka mwenyewe. Plagi ya akiba.

Na kwetu yupo Umar, khalifa wa pili. Alikuwa njiani kwenda Sham, nchi ya upande wa Syria, habari zikaja kwamba huko kuna tauni, akaamua kurudi na watu. Abu Ubayda, swahaba aliyekuwa jemadari huko, akamkabili: unaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Umar akasema laiti angelisema hayo mwingine si wewe. Naam, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea kadari ya Mwenyezi Mungu. Akampigia mfano wa mtu na ngamia wake penye bonde lenye pande mbili, mmoja una majani na mwingine ni mkavu. Akichunga kwenye majani si kwa kadari, na akichunga kwenye ukavu si kwa kadari? Abu Ubayda alibaki Sham na jeshi lake, tauni ya Amwas ikamchukua. Umar hakusema "nilikwambia". Alikuwa ameshamlilia tangu iliposomwa barua yake ya kukataa kutoka huko.

Kuna jibu moja la kisasa sikubaliani nalo, na nimeona limepata kura nyingi hapo juu: kwamba dua haibadilishi kitu nje, inakutuliza wewe mwombaji tu. Mama aliye wodini haombi atulizwe moyo. Anaomba mtoto apumue. Ukimwambia dua yake ni dawa ya usingizi ya roho, umemchukulia maneno yake ukamwekea mengine. Mungu anasema "niombeni nitakuitikieni", hakusema niombeni mtajisikia vizuri. Utulivu ukija, alhamdulillahi, lakini si ndio ulioombwa.

Utaniuliza sasa, dua zako za benchi ziliitikiwa vipi? Iko hadithi ya Abu Said al-Khudri: anayeomba kisicho dhambi wala kukata undugu hupewa moja kati ya matatu, kuharakishiwa alichoomba, kuwekewa akiba ya akhera, au kuepushiwa shari mfano wake. Nilipoisikia kwenye matanga niliiona kama mlango wa nyuma wa kutokea, kwamba vyovyote iwavyo wewe umejibiwa tu. Siku hizi naishika kwa mwisho wake, ambao wahubiri wengi huuruka. Maswahaba walisema, basi tutaomba kwa wingi. Akawaambia Mungu ni mwingi zaidi. Hawakuuliza ni lipi kati ya matatu.

Na mikono? Hakukuwa na siku ya ajabu. Alfajiri moja tu niliisikiliza ile kunuti badala ya kuisubiri iishe. Nimeihifadhi tangu nina miaka saba, sikuwahi kuisikia. Imamu anaomba: utukinge na shari ya ulilolihukumu. Amina. Papo hapo, bila hata kuvuta pumzi: kwani Wewe ndiye unayehukumu wala huhukumiwi. Maneno mawili yamepangwa bega kwa bega. La kwanza linamwomba akukinge na hukumu yake mwenyewe, la pili linakiri hakuna wa kumpinga. Aliyetufundisha kuomba hivi alijua vizuri kuliko mimi kwamba yameandikwa, na bado akatupa maneno ya kuyaombea. Kiganja kimoja kikapanda, kisha cha pili. Nahodha hakugeuka, ila alikohoa.

Nikaja kuona pia kususa si jambo baya kama nilivyodhani. Mtu hamsusi mpita njia.

Sasa mama. Umeandika anasafishwa damu Jumatatu na Alhamisi. Msiruke hata kipindi kimoja, hata akiwatokea mtu aliyeoteshwa kwamba ameshapona. Na kuna jambo nimeliona kwa jirani yetu: mgonjwa wa figo maji yake hupimwa. Kombe, zile aya zilizoandikwa zikaoshwa ili mgonjwa anywe, ni maji, zamzam ni maji. Shangazi akija na dumu lake kwa mapenzi yote, mama aonje funda kwa baraka, lililobaki apakwe. Waulizeni wauguzi wake kiasi. Na mtu akiwatajia bei ya dua, nauli yake mpeni, arudi kwake.

Nitumie faraghani jina la mama, la kwanza tu linatosha. Nitakuwa naye kesho Alfajiri pale kwenye "utukinge". Jumatatu akirudi tujulishe ameamkaje.