Vuli ya Ulaya kwa mchezaji ngoma: nivae nini, nishonewe nini?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mchezaji ngoma hapa Bagamoyo. Mwezi wa kumi kikundi chetu kinakwenda Ujerumani na Denmark kwa wiki tano. Asubuhi tutacheza mashuleni, mchana tutafundisha, usiku tuko jukwaani, na katikati ni treni na basi tu. Nimeruhusiwa begi moja la kilo 23, na nusu yake ni mavazi ya ngoma. Nimeshanunua koti zito la mtumba linalofika magotini. Je, linatosha? Na ninaweza kujikinga na baridi bila kuonekana kama godoro lililofungwa kamba?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera ya safari. Koti hilo liuze, au mpe mtu anayehamia Lushoto. Litakula begi lako na bado utaumwa.

Huku pwani tukisema vuli tunawaza mvua za Oktoba mpaka Desemba: kusi imekwisha, joto limerudi, na fulana unayoifua asubuhi unaianua mchana. Wengi hulitumia neno hilohilo kwa majira ya Ulaya majani yanapopukutika, na hapo wasanii wetu hudanganyika. Berlin mwezi wa kumi, mchana huwa nyuzi 13 au 14, usiku hushuka mpaka 6 hivi. Novemba mchana hauzidi sana nyuzi 8, usiku unakaribia 2. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa nyuma, kwa hiyo mwanzoni mwa Novemba jua linazama kama saa kumi na nusu jioni. Yaani utaingia ukumbini kujiandaa giza limeshatanda, na utatoka katika baridi kali kuliko ile uliyoiacha nje.

Sasa itazame siku yako. Unacheza sindimba dakika arobaini, mgongo unachuruzika. Ukumbini wamewasha joto, kwenye basi wamewasha joto, na katikati kuna uwanja wa wazi ambako lazima mpakie ngoma kwenye gari. Pamba hunywa jasho ikakaa nalo, na nguo mbichi mwilini huvuta joto la mwili kwa kasi. Ukiwa na koti moja zito juu ya fulana iliyolowa, ndani ya basi unachemka, ukilivua unatetemeka. Safari yangu ya kwanza, nikiwa mtunza mavazi wa kikundi, nilitoka hivyohivyo: fulana ya pamba imelowa ndani ya koti zuri, nikasimama nje mpaka ngoma zote zikaisha kupakiwa. Asubuhi shingo haikugeuka, na sauti ya kuitikia sikuwa nayo kwa siku tatu. Mchezaji hana siku tatu za kupoteza.

Kwa hiyo vaa nguo tatu nyepesi badala ya moja nzito. Ya ndani kabisa ni fulana nyembamba ya mikono mirefu inayobana, ya sufu laini au ya kitambaa kile cha jezi za mpira. Chukua tatu. Moja unavaa, moja imefuliwa inakauka, na ya tatu inakaa kavu kwenye mkoba mdogo karibu na mlango wa kutokea jukwaani. Hiyo ya tatu naisisitiza kuliko yote: usitoke nje ya jengo kabla hujaivaa badala ya ile iliyolowa, hata kama dereva anapiga honi. Ya katikati ni sweta la sufu. Ya juu ni koti jepesi lisilopitisha maji wala upepo, linalofunika nyonga, pana kiasi cha kuvaliwa juu ya sweta bila kubana kwapa. Ukiingia kwenye basi unavua mbili, ukishuka unazirudisha.

Sweta la sufu halisi ni rahisi kwenye mitumba kwa sababu pwani hakuna anayeligombania. Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi mdogo kwenye mshono wa ndani, uushike kwa koleo na uuchome. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika vidoleni. Uzi wa plastiki huyeyuka ukawa kijidonge kigumu. Pamba hunuka karatasi. Nunua la mwanaume, kubwa kidogo, shingo ya kawaida, kisha tulipasue.

Ndiyo, tulipasue mbele. Mchezaji aliyekwisha kupakwa rangi usoni na kusukwa nywele hawezi kuvuta sweta kupitia kichwani. Utaacha nusu ya uso kwenye kola. Kila nguo yako ya juu lazima ifunguke mbele. Fundi asiyezijua nguo za kufuma ataogopa, na ana haki, maana ukipitisha mkasi hivihivi nyuzi zitafumuka mpaka begani. Mwambie apige mstari kwa uzi wa rangi katikati kabisa, kuanzia shingo hadi pindo. Kisha kila upande wa mstari, nusu sentimita kutoka katikati, apite kwa cherehani ya zigizaga mara mbili, polepole, bila kulivuta sweta. Ndipo akate katikati. Kingo zile zikunjwe ndani na zifunikwe kwa ukanda wa khanga wenye upana wa vidole vitatu, halafu zipu ishonwe juu yake. Ukanda huo unazuia sweta lisitanuke, na ndio unaolipa sura. Ukilifungua, pindo la khanga linaonekana kama mstari wa rangi unaoshuka kifuani. Zipu iwe ya meno makubwa, na kichwa chake ukifunge kamba fupi, kwa kuwa vidole vilivyopoa havikamati kitu kidogo.

Khanga nyingine ya doti hiyohiyo itumie kama bitana ya koti, ila mwilini tu. Mikononi weka satini au kitambaa chochote kinachoteleza, la sivyo kila ukivaa koti mkono wa sweta utapanda mpaka kwenye kiwiko. Na tafadhali, fundi asikate jina la khanga. Aliweke zima, mgongoni kwa ndani. Halitasomwa na mtu kule, ila wewe utalijua lipo.

Kuhusu kupendeza, chagua rangi moja ya msingi kwa suruali, sweta na koti. Ugoro, kijivu cha mkaa au damu ya mzee zote zinakaa vizuri na majani ya kule na hazioneshi uchafu wa treni. Kisha rangi kali iwe moja, ya khanga yako, ijirudie kwenye ukanda wa sweta na kwenye kikoi cha shingoni. Mimi napenda rangi ya bizari, na gizani dereva anakuona mapema. Mzula nao uwe wa rangi ya msingi, wenye bitana ya satini ndani ili usile nywele.

Dera moja beba. Juu ya taiti nzito na chini ya sweta lako linapendeza kuliko suruali, lakini lipandishwe liishie juu ya kifundo cha mguu. Dera la kuburura hufagia majani yaliyolowa na hupandisha unyevu mpaka magotini.

Viatu ni raba nyeusi za ngozi, soli nene, kubwa kwa namba moja ili soksi ya sufu iingie bila kukubana. Mnacheza pekupeku, na sakafu za kumbi huwa baridi, hivyo soksi zisitoke miguuni mpaka mpiga ngoma ameanza. Makubazi ni ya chumbani. Raba na koti uvae siku ya kusafiri. Utatoka jasho njiani kwenda Dar, lakini begi litabaki na nafasi.

Sufu ifue kwa maji baridi na sabuni laini, ikamue kwa kuikunja ndani ya taulo, kisha ilaze bapa. Maji ya moto yataliacha sweta saizi ya mtoto.

Anza kulitafuta sasa. Kazi ya kupasua na kuweka zipu inanichukua siku mbili, lakini zipu ndefu ya meno makubwa sijawahi kuipata hapa Bagamoyo bila kumuagiza mtu Kariakoo.