Ampisilini inakufa kimya kimya, usiiamini kwa macho

Habari zenu wadau, hii ni kwa wale mnaofanya risechi za masters hapa Dar na ampisilini (antibayotiki ya kuua bakteria) mnaishika kila siku. Mimi ilinilia wiki tatu nzima, na naumia kuona mtu mwingine anapita njia ile ile.

Ilikuwa Februari, joto la Dar mnalijua, na mimi nina haraka, agari (ile jeli ya kuoteshea bakteria) imetoka otoklevu (mtungi wa mvuke wa kuua vijidudu) bado inafuka moshi nikatia dawa humo humo nikamwaga kwenye sahani. Nikapanda bakteria zangu, E. koli zilizobeba plasmidi (kipande cha DNA kinachowakinga na dawa), kesho yake jioni nakuta kila koloni kubwa (kirundo cha bakteria) imezungukwa na vidoti vidogo vidogo vyeupe, nikafurahi kweli. Nikavidonoa, nikaviotesha kwenye mchuzi wa kuoteshea bakteria wenye dawa mpya, vikagoma kabisa, mara ya kwanza, mara ya pili, vikagoma.

Dada mmoja teknishani akaja akaangalia sahani akasema, "Mdogo wangu, hizo ni satelaiti." Akanielewesha kwamba koloni yenye plasmidi inatoa kimeng'enya kinaitwa beta-laktamasi, kinatoka nje na kuimaliza dawa iliyo jirani, basi wale wasio na plasmidi wanapata upenyo wa kuota pembeni. Na mimi dawa nilikuwa nimeshaipunguza kwa moto, halafu sahani nimeziacha kwenye inkubeta (kabati la joto) zaidi ya masaa 24. Siku hizi natoa baada ya masaa 16 mpaka 18 hivi, nyuzi 37, nadonoa zile kubwa tu.

Agari subiri ifike kama nyuzi 50, yule dada alikuwa anaweka kiganja kwenye chupa, ukishindwa kuishika dawa haiingii.

Stoki (dawa kali ya kuzimua baadaye) natengeneza miligramu 100 kwa mililita, kwa maji, ile ya chumvi ya sodiamu maana inayeyuka vizuri, napitisha kwenye filta ya mikromita 0.22 (usiiweke otoklevu jamani!), halafu mililita moja kwa lita ya agari inakupa mikrogramu 100 kwa mililita. Nagawa kwenye vichupa vidogo vya kutumia mara moja, tarehe juu, friza ya nyuzi hasi 20. Umeme ukikatika usiku kucha ukakuta vimeyeyuka, mimi natupa, najua inauma.

Na kila mara weka sahani mbili za kujipima: bakteria wasio na plasmidi kwenye dawa, wasiote, na hao hao kwenye agari bila dawa, waote. Mimi niliziruka kuokoa agari, zingeniambia siku ya kwanza tu.

Kuna wanaofungua kapsuli za famasi wapate unga wa bei poa. Zile nyingi ni trihaidreti (ampisilini iliyoshikana na maji, siyo ile chumvi ya sodiamu), kwenye maji inayeyuka kwa shida, na kuna vichanganyio humo, hutajua umetia kiasi gani. Na ule unga wa maabara usimpe mtu kama dawa hata akikuomba vipi. Kama una aleji ya penisilini mwambie mwenzako akupimie, vumbi lake tu linatosha kukuletea shida.