Filamu za Wanamuziki: Anza na Hizi, Mdogo Wangu

Juzi binti mmoja wa Morogoro aliniandikia: "Dada, natamani kuimba kama wewe. Nitajie dokumentari za wanamuziki niangalie, zinitie moyo." Nilifurahi, sitaficha. Mimi ni mwitikiaji, yule anayesimama nyuma karibu na mpiga dramu, na wanaotukumbuka sisi ni wachache. Jibu likawa refu, nikaona niliweke hapa, maana wengi mnaonisoma mnaitafuta njia hiyohiyo.

Ya kwanza, na naipendelea waziwazi, ni 20 Feet from Stardom ya Morgan Neville, iliyotoka 2013 na kubeba Oscar mwaka uliofuata. Inahusu waitikiaji wa Marekani, wengi wao wanawake weusi waliolelewa na kwaya za kanisa. Yumo Merry Clayton. Mwaka 1969 anapigiwa simu usiku, bendi ya Rolling Stones inataka sauti ya mwanamke kwenye wimbo wao "Gimme Shelter". Ana mimba, nywele ziko kwenye rola, anaondoka hivyohivyo. Kwenye filamu wanazima vyombo vyote vya wimbo huo na kuiacha sauti yake peke yake. Anapofika juu kabisa sauti inapasuka, na ikaachwa vile. Nimekirudia kipande hicho mpaka nyumbani wakanifukuza sebuleni.

Kisha Darlene Love. Mwaka 1962 aliimba "He's a Rebel", sahani ikatoka kwa jina la kundi jingine, The Crystals. Miaka ikapita, akawa anafanya usafi kwenye nyumba za watu. Siku moja yuko kazini, redio inapiga wimbo wa Krismasi, na sauti ni yake.

Hapo nilisimamisha filamu. Kuna wimbo, sitautaja, ambao kiitikio chote ni changu. Niliingiza sauti studio moja ya Kinondoni tangu mchana mpaka adhana ya alfajiri. Prodyuza akanipa nauli, akasema "tutaongea." Hatujaongea hadi leo. Nikaja kuusikia ndani ya daladala ya Mbagala: konda kaongeza sauti, abiria wanaitikia sehemu yangu, mama mmoja na kapu lake la samaki anaitikia kuliko wote. Wimbo ukaisha, mtangazaji akamtaja msanii, akamtaja prodyuza, akamtaja na aliyepiga video. Mimi nikashuka kituoni kwangu kama abiria yeyote.

Kwa hiyo usiangalie filamu hizi kwa ajili ya taa na makofi. Angalia nani kalipwa na nani kaandikwa.

Ukiwa na jicho hilo, tafuta Searching for Sugar Man (2012) ya Malik Bendjelloul. Rodriguez wa Detroit alitoa albamu ya Cold Fact mwaka 1970, kwao haikwenda popote. Afrika Kusini ikapendwa vibaya sana, mwenyewe hana habari, anafanya vibarua vya ujenzi. Wengi hulia anapopanda jukwaani Cape Town. Mimi hunipata mapema zaidi, pale mtengenezaji anapomuuliza bosi wa zamani wa lebo pesa za Afrika Kusini zilikwenda wapi, na mzee anawaka. Lakini nayo ina lake: haisemi kwamba Rodriguez alishafanya ziara Australia, 1979 na 1981. Hadithi ya mtu aliyesahaulika inauzika zaidi akiwa amesahaulika kila mahali.

Benda Bilili! (2010) ni ya Kinshasa: wanamuziki walemavu juu ya baiskeli zao za magurudumu matatu, na kijana Roger mwenye ala ya uzi mmoja aliyoitengeneza kwa kopo. Itazame na wenzako wa bendi. As Old as My Tongue (2006), ya Bi Kidude wetu, sitaieleza; Mswahili anayetaka kuimba akaacha kuiona hiyo, simwelewi.

Na karatasi, jamani. Kabla hujavaa hedifoni studio, majina yote yaandikwe na malipo yaandikwe. Kazi isajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. "Tutaongea" si malipo. Mabinti mnaona haya kuuliza, mnaogopa kuitwa wagumu. Ulizeni! Mchumba mnamuuliza mahari, prodyuza ana nini?

Kuna na ile ya Beatles, Get Back ya Peter Jackson (2021), karibu saa nane kwa sehemu tatu. Inakula bando, na nusu yake ni watu wanakunywa chai na kurudia mstari mmoja. Wenzangu wa bendi waliikimbia. Mimi niliimaliza, kwa sababu mazoezi yetu ya Jumatano yako hivyohivyo, tofauti yetu chai tunajinunulia.