Sheikh, kuidanganya kampuni ya bima kuna dhambi?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Naendesha gari aina ya IST la mtu hapa Dar es Salaam, nabeba abiria wanaoita gari kwa simu, na kila wiki nampelekea tajiri hesabu yake. Gari lina bima ndogo, ile ya kufidia watu wengine, nayo imekatwa kama gari la matumizi binafsi kwa sababu ya biashara ni ghali zaidi. Ustadhi mmoja msikitini kwetu ametuambia bima yote ni riba na kamari, kwa hiyo kuidanganya kampuni si dhambi, mali yao haina heshima. Moyo wangu hautulii. Nikiliacha gari hili sina kazi nyingine, na nina watoto. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullah. Ndugu yangu, nimelitanguliza swali lako kwa sababu maneno hayo nimeyasikia kwa madereva wengine pia. Yamevaa kanzu ya uchamungu, na ndani yake mna madhara makubwa kwa viumbe wa Allah. Huko kutotulia kwa moyo wako ni kheri, usikupuuze.

Kuhusu asili ya bima ya biashara sitarefusha. Baraza la Fiqhi, yaani la wanazuoni wa sheria ya dini, la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1985 lilisema kwamba mkataba wa bima ya biashara wenye ada maalumu una gharari kubwa, yaani kutojulikana nani atapata nini, inayoubatilisha, na likaelekeza kwenye bima ya kusaidiana. Mwanazuoni Sheikh Mustafa al-Zarqa aliruhusu bima na hoja zake zinajulikana, lakini wanazuoni wengi hawakwenda naye, nami niko pamoja na hao wengi. Hata hivyo wewe hukuchagua. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, hairuhusu gari liingie barabarani bila bima ya kufidia watu wengine. Anayelazimishwa na sheria, na riziki ya wanawe iko barabarani, hana dhambi kwa kiwango kile alicholazimishwa. Allah amesema: “Mcheni Allah kadiri muwezavyo” (Qur'ani 64:16).

Mpaka hapo mimi na ustadhi wenu hatujaachana mbali. Tunaachana anaposema kwamba mkataba ukiwa na haramu, uongo ndani yake unakuwa halali. Kauli hii haina mguu wa kusimamia. Qur'ani imewataja Mayahudi wa zama zile kuwa walichukua riba hali wamekatazwa (4:161). Pamoja na hayo, Mtume (s.a.w.) alinunua shayiri kwa Myahudi wa Madina akaweka rehani deraya yake ya chuma, yaani vazi lake la vita, kama ilivyo katika Bukhari. Hakusema mali ya mla riba haina mwenyewe. Na alipomtuma sahaba Abdullah bin Rawaha kukadiria mavuno ya Mayahudi wa Khaybar, nao wakajaribu kumhonga, Abdullah aliwaambia wazi kwamba anawachukia, lakini chuki hiyo haitamfanya awadhulumu. Wao wenyewe wakakiri kuwa kwa uadilifu huo ndiyo mbingu na ardhi zimesimama. Basi sahaba hakumdhulumu adui aliyemchukia, halafu sisi tumdanganye karani wa bima kwa jina la dini?

Uongo ni haramu kwa dhati yake. Ubaya wa upande wa pili hauuondoi. Kama mkataba ni mbaya, jibu la sharia ni kuuepuka, au kuingia kwa kadiri ya dharura. Kuingia kisha ukaandika jambo lisilo la kweli ni dhambi ya pili juu ya ile ya kwanza.

Kisha mtazame nani anaumia. Ustadhi anadhani ameikomoa kampuni. Kampuni haipotezi kitu: siku ya ajali itauliza gari lilikuwa kwenye shughuli gani, na ikibaini lilibeba abiria wa kulipa ilhali limeandikwa la binafsi, itapata pa kukataa. Anayebaki mikono mitupu ni mama uliyempakia Mbagala akavunjika nyonga, kwa kuwa bima ya gari binafsi haikukatwa kwa ajili ya abiria anayelipa nauli. Au ni kijana wa bodaboda aliyelala Muhimbili na ndugu zake wanachangishana. Haki ya watu hawa iko shingoni mwa aliyewaumiza. Anayeua kwa kukosea ana kafara na diya, yaani fidia ya damu, kwa nassi ya Qur'ani (4:92), na diya hiyo zamani ilibebwa na ukoo wake. Leo ukoo gani utakuchangia? Kwa hiyo ile karatasi ya bima, pamoja na kasoro zake zote, ndiyo iliyobaki kati ya aliyeumia na kukosa haki yake kabisa. Kuibatilisha kwa uongo ni kuchezea haki ya mtu ambaye hata hujamjua, na Mtume (s.a.w.) amesema hapana kudhuru wala kudhuriana.

Wapo pia wanaosema bima ni upungufu wa tawakkul, yaani kumtegemea Allah. Hao wanajibiwa na hadithi ya ngamia: mfunge, kisha utegemee.

Sasa tuje kwako. Najua mafuta ni yako, kamisheni ya programu inakatwa kabla hujashika pesa, na hesabu ya tajiri haingoji wiki mbovu. Aliyeandika uongo huu kwanza ni tajiri wako, na dhambi kubwa ni yake. Lakini wewe umeshajua, na kila abiria unayempakia anaamini gari liko sawa. Nenda kwake kwa adabu, ukiwa na shahidi ukiweza. Mwambie gari ni lake, na katika ijara, yaani mkataba wa kukodisha, gharama ya bima ya mali ni ya mwenye mali, hivyo asikutwishe tofauti yote. Hata kama gari ni la mkataba na litakuwa lako ukimaliza malipo, mpaka siku hiyo bado ni lake. Akikataa, pendekeza mgawane: yeye atoe ada, wewe uongeze kidogo kwenye hesabu kwa miezi michache. Mkumbushe pia kwamba abiria akifa, atakayeshtakiwa kwa fidia si dereva peke yake.

Mkikubaliana, ulizieni takaful kwanza, yaani ile bima ya kusaidiana. TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, imeshatoa miongozo yake, na Shirika la Bima la Zanzibar lina huduma hiyo. Ikipatikana kwa gari la abiria, udhuru wa dharura kwenye ile ya kawaida unapungua sana. Stika ikitoka, hakiki namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, maana stika bandia zipo.

Akishikilia msimamo wake, tafuta gari jingine ukiwa bado unaendesha hili, usijitose njaani kesho asubuhi. Jipe muda unaoweza kuueleza mbele ya Allah. Katika muda huo punguza safari za usiku wa manane unapokuwa umechoka, na usimpe abiria yeyote uhakika wa bima usiyo nayo.

Wallahu a'lam.