Kabla Hujamtafuta Tai, Mjue Kitwitwi

Juzi kuna mdogo wangu wa Njiro kaniandikia: "Kaka, nimemaliza chuo cha utalii, darubini ninayo, ila kila kampuni inataka mwenye uzoefu. Wewe wageni wa kutazama ndege uliwapataje?" Najua wenye swali hilo mko wengi, kwa hiyo najibu hapa.

Jibu langu ni moja: shuka kwenye majaruba ya mpunga. Mwezi huu wa kumi ndio wenyewe. Huko Ulaya na Urusi baridi inaingia, wadudu wanaadimika, na vitwitwi, hao ndege wadogo wa majimaji waliozaliana kaskazini, wanashuka kwetu. Wengine walitangulia tangu Agosti. Wa Arusha mnayo maziwa ya Momella, ila pale ni hifadhini na kuna kiingilio. Sisi wa Moshi tuna mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni, hakuna geti.

Mimi sikwenda huko kwa ujanja, nilikosa pa kwenda. Kampuni niliyofanyia mazoezi, bosi aliniambia mbele ya madereva kwamba mgeni analipia simba, hivyo vindege nikavitazame kwetu Kibosho. Wakacheka. Waliocheka nawakumbuka kwa majina.

Basi nikawa napanda bodaboda alfajiri, nasimama kwenye kingo za majaruba na darubini ya kuazima. Mama mmoja aliyekuwa anapalilia akanishangaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, umepoteza nini humo?"

Nikampa darubini amwone kitwitwi aliyekuwa ukingoni, mkia unapanda na kushuka bila kupumzika. Akatazama weee, kisha akasema, "Huyu mtikisa mkia? Mwezi wa sita huwa simwoni." Hajasoma kitabu chochote cha ndege yule mama, lakini hapo alikuwa ameshaeleza uhamaji wote.

Sasa ushauri wenyewe. Usihangaike na rangi, wote ni wa kahawia. Tazama miguu na mwendo. Yule mtikisa mkia, kwa jina la kisayansi Actitis hypoleucos, ana weupe unaopanda kati ya kifua na bawa. Mwenzake Tringa glareola ana madoadoa mgongoni, mstari mweupe juu ya jicho na miguu ya kimanjano. Akiruka utaona kiuno cheupe na atapiga kelele, chif-if-if. Calidris minuta ni mdogo karibu na shomoro, miguu myeusi, anadonoa tope kama sindano ya cherehani. Calidris pugnax atakuchanganya, maana dume ni mkubwa sana kuliko jike, ukiwaona pamoja utaapa ni aina mbili. Miguu, jamani. Anza na miguu.

Mwezi huu nilipata mgeni kutoka Uingereza, mzee mwenye orodha yake mkononi. Tulipofika Mabogini ndege akaruka nyuma yetu, nikataja jina kwa kusikia sauti tu, kabla hajainua darubini. Alinitazama, akafunga kitabu chake. Tulikaa mpaka jua likawa kali na simba hakumuulizia hata mara moja. Siku chache baadaye ile kampuni ilinipigia, eti wana wageni wa ndege Januari. Nimewatajia bei yangu. Bado wanafikiria, na wafikirie.

Vijana wenzangu, mnapenda njia ya mkato. Mnataka picha ya tai iende status usiku huohuo, wakati kitwitwi aliye mtaroni nyuma ya nyumba hamumjui. Tanzania ina zaidi ya aina 1,100 za ndege, na mgeni aliyevuka bahari kuja kuwatazama anajua mara moja nani kakariri na nani kakaa kwenye matope. Kila mnachokiona kiandikeni kwenye eBird, ile tovuti ya kuweka orodha za ndege ulioona, hata yangeyange, hata kwarara. Mgeni wangu alinipata kupitia orodha zangu za humo, siyo kwa kadi ya biashara.

Na mkija Mabogini, piteni kwenye kingo, msiingie kwenye miche. Mwenye shamba asalimiwe kwanza. Kuna mmoja alikanyaga kitalu cha watu akimfukuzia korongo, na sasa kila mwenye darubini anasimamishwa barabarani aulizwe katumwa na nani.