Taya Limenyooka, Mdomo wa Juu Umepotea

*Shangazi, nina miaka 26. Miezi minne iliyopita nilipasuliwa taya zote mbili kwa sababu tangu utotoni meno ya chini yalipita ya juu. Sasa natafuna vizuri, lakini mdomo wa juu umekuwa mwembamba kama umemezwa, na wa chini una ganzi upande wa kushoto. Kila usiku najipiga picha nalinganisha na za zamani. Rafiki anataka kunipeleka saluni nikachomwe sindano ya kujaza mdomo. Ukoo mzima ulichanga. Nikilalamika, mama ananiambia nimshukuru Mungu. Je, sina shukrani?*
*Binti wa Tanga*

Mwanangu,

Mchango ule ulikuwa wa matibabu, haukuwa wa kukuziba mdomo. Unaweza kumshukuru mjomba wako asubuhi, na jioni ukaulilia uso ulioosha kwa miaka 26. Mimi sioni ugomvi hapo.

Sasa tuje kwenye mdomo wenyewe. Ili kulifikia taya la juu, daktari hukata ndani, juu ya fizi, na kuibandua misuli kutoka kwenye mfupa. Kidonda kikishonwa, mdomo unaweza kujikunja kwa ndani kidogo, sehemu yake inayoonekana ikapungua. Wapo madaktari wanaoshona kwa umbo la herufi Y ili kuuzuia usijikunje, nawe una haki ya kumuuliza wako alishonaje. Ila miezi minne ni mapema. Uvimbe mkubwa huisha mwanzoni, ule mdogo wa ndani unaweza kukaa hata mwaka. Na kama bado una nyaya za meno, zinausukuma mdomo. Utakavyokaa zikitoka, leo hakuna anayejua.

Ganzi ni jambo jingine. Mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini hupita ndani ya mfupa wa taya, palepale unapokatwa. Ukianza kuhisi kama sisimizi wanatembea, mara nyingi ni dalili njema. Kwa wengine hubaki ganzi kidogo moja kwa moja, sitakuficha. Kwa sasa chai iache ipoe, uionje kwanza kwa upande wa kulia. Upande ule mwingine utaungua na hutajua mpaka uone lengelenge kwenye kioo.

Ndiyo maana nakukataza saluni, na hapa nakuwa mkali. Dawa ile ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kuua nyama ya mdomo, na wakichoma upande wenye ganzi, hutasikia maumivu ambayo yangekushtua. Ukifika mwaka na bado hujaridhika, zungumza na daktari wako aliyekupasua. Mpelekee picha za zamani ambazo hukucheka, mdomo umetulia. Mwambie, "Nataka kujua hiki kitabaki au kitabadilika." Akikujibu kwa haraka haraka, tafuta daktari wa pili.

Picha za usiku ziache. Simu ikiwa karibu na uso hukuza pua na kupotosha midomo, hata ya wasioguswa na kisu. Piga moja kwa mwezi, mchana, simu ishikwe na mtu mwingine.

Mama mkalishe chini siku hana haraka. Mwambie, "Mama, nimeshukuru, lakini kuna kitu kinaniuma, naomba unisikilize tu." Nadhani naye anaogopa, aliyesaini fomu na kusubiri nje ya chumba cha upasuaji hapendi kusikia neno "lakini". Ukiona bado unalia kila siku, huli wala hulali, hilo nalo mwambie daktari.

Nyaya zikitoka, niandikie.

Shangazi